Ubeleko wa Bunduki

Watu wakisikia nilikuwa mke wa mwindaji huniuliza habari za simba. Walikuwa wengi? Walinguruma karibu? Mlilalaje? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za mkanda wa bunduki, na mimi maisha yangu yaligeukia kwenye mkanda, si kwenye simba. Simba niliwaona mara chache, na kila nilipowaona walikuwa wamelala. Mkanda niliuhangaikia mpaka nikakonda. Anayetaka simba akamtafute kwa mwingine.

Tulikuwa tunakaa kwenye shamba la mkonge upande wa Kilosa, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Shamba lilikuwa na watu wengi: wakataji, na wale wa korona, yaani kiwanda kilichosaga majani ya mkonge na kutoa singa, zile nyuzi zake. Watu hao walipewa posho ya unga na maharage, na ili wasitoroke walipewa pia nyama. Nyama ilitoka nyika za Mkata na Mikumi, ambako siku hizo shamba likiwa na kibali cha Bwana Nyama lilituma mtu akawinde. Bwana Nyama ndivyo tulivyomwita mzungu wa serikali aliyesimamia wanyama, na mtu aliyetumwa na shamba alikuwa mume wangu.

Kiangazi kikianza, lori lilitupeleka Mikumi na kutuacha kambini. Mume wangu aliwinda, wachunaji wakachuna, na sisi wanawake tukabanika nyama juu ya uchanja mpaka nywele zetu zikanuka moshi hadi Krismasi. Nilikuwa naipenda kazi ile. Nilipenda zaidi kwamba tulipewa nyumba ya peke yetu, ya bati, mbali na makambi ya wakataji, mahali ambapo mtu aliweza kugombana na mumewe bila jirani kuchangia hoja.

Mume wangu alikuwa mtoto wa mtu wa reli. Baba yake alitoka magharibi kuja kutengeneza njia ya treni, akabaki. Mimi ni mtu wa milimani, Kisanga, kwetu ni watu wa misheni na wa zamani pale, na wajomba zangu hawakufurahi hata kidogo. Mtu wa kuja, walisema, hana hata mgomba. Lakini mtu wa kuja alitoa kila alichoambiwa. Kwa baba alitoa kilemba, kwa mama alitoa mkaja na ubeleko. Ubeleko wenyewe ulikuwa kitambaa cha marekani, nyeupe, nzito, ile ya zamani ambayo ukiipiga maji inazidi kuwa ngumu. Hutolewa kwa mama kwa sababu alimbeba bibi harusi mgongoni. Mama wengine hujishonea gauni. Mama yangu aliukunja, akautia sandukuni, akasema utamngoja mjukuu.

Ulingoja. Miaka ikapita, wenzangu wakaitwa mama fulani na mama fulani, mimi nikaitwa bibi mwindaji, hata na watoto wa jirani. Nilikuwa nimezoea, au ndivyo nilivyowaambia watu.

Sasa bega. Ningependa kusema mume wangu aliumizwa na mbogo, ingekuwa na heshima yake. Alianguka kutoka juu ya lori la marobota ya mkonge. Alilikwea kwa uvivu tu wa kutembea mpaka stesheni, lori likaingia shimoni, yeye akarushwa angani. Mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa mbele ya bega, ukavunjika. Dresa wa shamba, yule mfunga vidonda wa zahanati, alimfunga, mfupa ukaunga, lakini uliunga vibaya, ukaacha nundu kama yai la kuku chini ya ngozi.

Kwa mtu mwingine nundu si kitu. Kwa mwindaji ilikuwa balaa, kwa sababu bega la kulia ni la kupigia na la kushoto ni la kubebea. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyotembea maisha yake yote: bunduki begani kushoto, mtutu ukitazama chini, mkono wa kushoto ukiwa tayari umeushika. Ile bunduki ya shamba ilikuwa nzito, si gobori la kuwindia kanga. Na mkanda wake ulikuwa wa ngozi nyembamba, ngumu, wa tangu vita, na ulikaa juu ya nundu ile barabara kabisa. Alijaribu kutembea nayo kwenda mtoni na kurudi. Alirudi amejikaza kisabuni, anapiga mluzi, na shati limeganda damu.

Aliyeona si mimi peke yangu. Meneja wa shamba naye aliona. Hakuwa mtu mbaya, meneja yule. Alikuwa mzungu mwenye miguu mirefu na maneno machache. Alimwita mume wangu ofisini akamwambia: kiangazi hiki nitakuja Mikumi mwenyewe, tutatembea pamoja kutwa nzima. Ukiweza kubeba bunduki na kupiga, kazi ni yako. Ukishindwa, nampa mwingine, wewe utarudi kukata mkonge.

Alisema kukata mkonge kwa wema, kama mtu anayekupa kiti kingine. Hakujua, au hakufikiri, kwamba mkataji hubeba mizigo ya majani begani siku nzima. Bega lisiloweza bunduki lingeweza mkonge? Tungetolewa kwenye nyumba ya bati, mume wangu angeshindwa kumaliza kipande chake cha kazi siku ya kwanza, na mwisho tungepanda mlima kwenda Kisanga, mimi mbele, yeye nyuma, wajomba wametoka nje kutuangalia. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Likaniuma usiku na mchana.

Tukaanza kutafuta mkanda.

Kwanza tulikwenda kwa fundi wa ngozi pale Kilosa mjini, karibu na stesheni. Akatukatia mkanda wa ngozi ya mbogo, mpana kama mkono wangu, akauingiza kwenye zile pete mbili za bunduki, moja chini ya mtutu na nyingine karibu na kitako. Ulikuwa mzuri wa kutazama. Lakini kila hatua ulikuwa unalia kama kitanda kipya. Tulipofika kwenye kivuko cha reli nikamwambia mume wangu, mnyama wa kukungojea na kelele hizo atakuwa kiziwi. Isitoshe, ulikuwa unateleza: akiinama kidogo, bunduki nayo chini.

Kisha mzee mmoja aliyekuwa askari alitupa mkanda wake wa turubai. Huo haukulia, haukuteleza, ulikuwa laini. Shida yake ilikuwa bizimu ya chuma, ambayo ilikuwa inagonga mtutu, ting, ting, kama kengele ya shule. Tukaifunga kitambaa, kitambaa kikachomoka. Tukaing'oa, mkanda ukafumuka. Mume wangu akacheka, mimi sikucheka.

Ndipo watu wa shamba wakatupa ushauri wao, na ushauri wa watu wa mkonge ni mmoja tu: mkonge. Sisi pale tulikuwa hatujui kitu kingine. Kitanda kikilegea, mkonge. Mbuzi akitoroka, mkonge. Mlango, kikapu, ndoo ya kisimani, hata suruali ya mume, yote tuliyafunga kwa singa. Kwa hiyo na mimi, mwenye akili zangu, nilikaa kibarazani nikasuka mkanda wa mkonge, mpana, wa kupendeza, majirani wakaja kuusifu. Mume wangu akautia begani, akaingia kwenye majani yenye umande alfajiri. Anayejua mkonge anajua kilichotokea. Ulilowa, ukakaza, ukawa mgumu kama fimbo, na singa zikaanza kumchoma. Alirudi jua halijawaka vizuri, bega limekwanguka kama nazi iliyokunwa, anajikuna mpaka mgongoni.

"Mke wangu," alisema, "kama ulitaka kuniua ungeomba tu risasi."

Nilikasirika, na nikikasirika sina simile. Nikamwambia mtu anayeanguka kutoka kwenye lori lililosimama hana haki ya kulaumu kamba. Akasema lori halikuwa limesimama. Tukanyamaziana siku nzima. Nilikuwa na hofu, ndiyo maana. Siku za kwenda Mikumi zilikuwa zinakaribia na bega lilikuwa baya kuliko tulipoanza.

Jibu nililiona kwenye bomba la maji. Jirani yangu alikuwa anachota maji huku anabishana na mwenzake, mtoto mgongoni. Mtoto akalia. Jirani hakufungua kitu, wala hakuacha ubishi. Aliingiza mkono kwapani, akauzungusha mzigo wake wote, nguo na mtoto pamoja, kutoka mgongoni kupita ubavuni hadi mbele, mtoto akajikuta kwenye ziwa. Nami nilikuwa nimeona jambo hilo kila siku. Nimelifanya mwenyewe, maana nilikuwa mtoto wa kwanza kwetu na nimewabeba wadogo zangu wote. Siku ile tu ndipo nilipoliona.

Fundo la ubeleko hukaa bega moja na kupita chini ya kwapa la upande wa pili. Kwa hiyo bunduki ingening'inia kwenye bega la kulia, lile zima, na kulala mgongoni ikielekea kushoto. La kushoto lingebaki bure kabisa. Na akiihitaji, angeivuta chini ya kwapa la kushoto na kuileta mbele bila kuvua kitu, mtutu ukitangulia, kitako kikifuata mpaka begani. Niliacha ndoo pale pale nikakimbia nyumbani.

Nilijaribu kwa kanga. Kanga ikateleza, kisha ikachanika, maana bunduki ina kona na mtoto hana. Nikaenda madukani. Marekani ya siku hizo ilikuwa nyepesi, ukiishika kwenye mwanga unamwona muuza duka. Nilitaka ile nzito ya zamani. Na ile nzito ya zamani nilijua ilipo.

Nikapanda lori lililokuwa linakwenda upande wa Mikumi, nikashuka njia panda, nikapandisha Kisanga kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nafikiri mkanda. Upana wake uwe kiasi gani, pete zishikwe na nini, begani uwekwe nini. Akili yangu ilikuwa imejaa hayo tu. Mama nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona ghafla?"

Nikasema, kama mtu aliyekuja kuazima chungio: "Nimekuja kuuchukua ule ubeleko."

Mama yangu hakuwa mtu wa kuonyesha mambo. Lakini gunzi lilimwanguka mkononi. Alinitazama usoni, kisha akanitazama tumbo, kisha akainuka, mtu wa magoti mabovu yule, akaingia ndani karibu anakimbia. Nikamsikia anavuta sanduku kutoka uvunguni. Nikamsikia anaimba, tena wimbo wa kanisani, ule wa sikukuu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichosema. Kwetu binti haji kwa mama yake kudai ubeleko kwa sababu nyingine yoyote. Nilitaka ardhi ipasuke. Akatoka ameulaza kwenye mikono yake miwili, ameubeba tayari kama una kitu ndani.

"Mama," nikasema, "sina mimba."

Akasimama.

"Ni wa bunduki. Tunataka kubebea bunduki."

Aliketi, akauweka ubeleko pajani, akachukua gunzi lingine akaanza kupukuchua juu yake, punje zikawa zinaangukia kwenye kitambaa. Nikamweleza yote, nusu nalia: lori, mtulinga, meneja, mikanda yote tuliyojaribu. Alipukuchua gunzi lile likaisha.

"Na akiikosa hiyo kazi?"

"Atarudishwa kukata mkonge, na hawezi. Tutafukuzwa kwenye nyumba. Tutakuja hapa."

"Wajomba zako watacheka."

"Ndiyo, mama."

"Watacheka sana," alisema, na hakuwa anatania. Akakung'uta punje kutoka kwenye kitambaa, moja moja, akazirudisha kwenye ungo. Kisha akasema: "Wewe kushona hujui. Nitakuja nao mwenyewe."

Akaja, na mkasi wa kanisa na sindano zake. Mume wangu alipomwona mkwewe anapandisha njia ya nyumbani kwetu alitoka kwa mlango wa uani, akazunguka, akaja kuchuchumaa mbali, macho chini, akatoa shikamoo yake kama inavyopasa. Mama aliitikia marahaba akiwa anatazama bati. Tangu hapo hadi alipoondoka hakumwambia neno lolote moja kwa moja, wala yeye hakuthubutu; kwetu ndiyo heshima ya ukwe. Mimi nilikuwa katikati.

"Mwambie mumeo asimame apimwe," mama alisema, mume wangu akiwa pale pale anasikia.

"Mama anasema usimame upimwe."

Akasimama. Nikampima kwa uzi, mama akiniamuru kutoka kwenye mkeka: toa kidogo, ongeza, mkono upite. Bunduki ilikuwa imelala mkekani haina risasi, na mama aliigeuza akazitazama zile pete kama anatazama masikio ya mgeni. Tukakubaliana chuma kisiguse chuma. Ngozi ile ya mbogo iliyolia nikaikata ndimi mbili fupi, nikazilowesha, nikazipitisha kwenye pete na kuzikunja, ili zikikauka zibane zenyewe. Kwenye ndimi hizo ndipo tuliposhonea marekani, imekunjwa mara kadhaa, na mahali pa bega tukaiacha pana tukaijaza sufi.

Mama aliikata marekani bila kusita. Mimi nilifumba macho aliposhika mkasi, yeye hakufumba.

Nilishona upande wangu, naye upande wake. Nilipomaliza akavuta mishono yangu kwa kidole, akachukua mkasi akaifumua yote.

"Hapa mtoto angeanguka," akasema, akaanza kushona upya.

Alisema mtoto. Hakuna aliyemrekebisha, si mimi wala aliyechuchumaa kule.

Mume wangu akauvaa. Bunduki ikalala mgongoni, mtutu chini upande wa kushoto, kitako juu. Mama akatikisa kichwa. "Mwambie mumeo mtoto habebwi kichwa chini."

Nikamweleza mama kwamba porini bunduki hutembea kichwa chini, ndivyo mkono unavyoiwahi na ndivyo mvua isivyoingia. Ikishamaliza kazi na risasi zikatolewa, basi huigeuza, kichwa juu na kitako kiunoni, na hapo ni salama. Mama akafikiri. "Haya. Nyumbani lakini aigeuze," akasema, nikapeleka ujumbe.

Tungemaliza vizuri siku ile kama nyapara wa korona asingepita njiani na watu wake. Nyapara yule alikuwa na mdomo. Akasimama, akatazama ile marekani iliyopita kifuani kwa mume wangu, akasema kwa sauti ya shamba zima: "Mwindaji, hongera. Wa kike au wa kiume?"

Watu wake wakavunjika mbavu. Mume wangu aliuvua ule mkanda taratibu, kwa ajili ya mkwe aliyekuwa pale, akaulaza mkekani na bunduki yake, akaingia ndani. Nikamfuata. Akaniambia atakwenda Mikumi na mkanda wa zamani, damu itoke itakavyotoka. Heri akate mkonge kuliko kutembea mbele ya wanaume amefungwa ubeleko, mtu ambaye kila anayemwona anajua hana mtoto.

Sikuwa nimefikiri hivyo. Nilidhani aibu ile ni yangu peke yangu, maana ndiye niliyeitwa bibi mwindaji. Kumbe naye alikuwa amebeba upande wake miaka yote, kimya, huku anapiga mluzi. Nilimwonea huruma. Lakini hasira zangu ndizo zilizotangulia, kama kawaida. Nikamwambia nyapara hatatulisha, na nyapara akitaka kujua ni wa kike au wa kiume aje aniulize mimi. Akasema hapana. Nikasema ndiyo. Tukapandisha sauti.

Mama akakohoa huko uani. Tukanyamaza wote wawili.

"Wewe binti," mama akasema, kwa sauti ya kupita ukuta. "Mwambie mumeo kitambaa hiki alikitoa yeye kwa ajili ya mgongo wangu. Mimi nimekirudisha kwa ajili ya mgongo wake. Mwambie nimekikata kwa mkono wangu na sijutii."

Sikuhitaji kumwambia. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, macho sakafuni. Na mkwe, hata akusemeshe kupitia ukuta, huwezi kumkatalia. Akatoka nje, akauvaa.

Kwa siku zilizobaki nilimfundisha nyuma ya nyumba. Mtu mzima, mwindaji, anafundishwa kumgeuza mtoto. Mwanzoni alikuwa anavuta kwa nguvu, kitako kinamgonga mbavu. Nikamwambia usivute, mwongoze. Tupa nyonga kidogo, acha uzito wenyewe uje. Alikuwa anatoa jasho. Jirani yangu yule wa bombani akaja na wa kwake mgongoni kuonyesha, wakawa wanazunguka pamoja, mmoja na mtoto na mmoja na bunduki, nikacheka mpaka nikaketi chini. Naye akacheka. Siku moja aliizungusha nikasikia kimya kabisa, nguo tu ikisugua shati, na bunduki ikawa mbele, kitako begani, jicho kwenye shabaha. Tukatazamana. Siku hiyo nilianza kupata usingizi.

Mikumi nyasi zilikuwa bado hazijachomwa, zimesimama hadi kifuani. Meneja alifika na gari lake, akanywa chai, akauona mkanda, akanyanyua nyusi. Wakaondoka mapema, yeye na mume wangu na mchunaji mmoja. Mimi nilibaki kambini na wanawake wenzangu, tukikata fito za uchanja. Sijui nilikata fito gani. Wenzangu waliniambia baadaye kwamba nilikuwa nachukua zilizokwisha kukatwa nazikata tena.

Asubuhi hakuna kitu. Mchana hakuna kitu, na kila dakika ya ukimya niliona bega. Jua lilipoanza kushuka nikasikia mlio mmoja, mbali, upande wa ile miti ya mivumo. Nikangoja wa pili, maana wa pili ndio huwa wa mashaka. Haukuja.

Mchunaji ndiye aliyenisimulia, kwa kuwa mume wangu kusimulia hakuwezi. Walitembea mpaka chini ya vilima na kurudi. Aliyeomba kupumzika wa kwanza alikuwa meneja. Walikuwa wameketi, bunduki mgongoni, nyasi zikafunguka na mbogo dume akawa amesimama pale, karibu, anawatazama. Hakukuwa na nafasi ya kuvua kitu, na sauti yoyote ya ngozi au ya chuma ingemwondoa au ingemleta juu yao. Mchunaji alisema hakuona bunduki ikitoka mgongoni. Aliiona tu ikiwa mbele.

Meneja alimwuliza mume wangu baadaye mkanda ule kaununua wapi. Akamjibu, kwa mama mkwe, Kisanga. Meneja akacheka, akasema kazi ni yako, akaenda kutafuta chai.

Waliporudi kambini sikumkimbilia. Kwetu haikuwa desturi, na tena mikono yangu ilikuwa na damu ya nyama na masizi. Nilimtazama kutoka kwenye uchanja. Alikuwa amekwisha kutoa risasi na kuigeuza bunduki kama mama alivyoagiza, kichwa juu, kitako kiunoni. Wachunaji walikuwa wanabishana jinsi ya kuleta nyama kabla fisi hawajajua, naye alikuwa amesimama kati yao, anasikiliza. Na alikuwa anayumba. Anahamisha uzito mguu huu, mguu ule, polepole, na mkono wake wa kushoto umerudi nyuma chini ya kwapa, unakipigapiga kitako cha bunduki, taratibu, kwa kiganja, bila yeye mwenyewe kujua.

Miaka yote ile, wakwe wakiuliza, majirani wakinyamaza nikipita, sikuwahi kulia kwa ajili ya mtoto. Siku ile nililia, pale pale kwenye moshi, mbele ya watu, na nikaushukuru moshi.

Akageuka akaniona. Akaona ninachotazama, mkono ukasimama. Nilidhani atautoa haraka, atapiga mluzi, kama alivyozoea. Hakuutoa. Aliniangalia muda, kisha akaendelea kupigapiga, sasa akijua, akanijia polepole mpaka karibu na uchanja.

"Amelala," akasema, kwa sauti ndogo.

Nikafuta uso kwa mkono.

"Basi mlaze," nikamwambia, "uje ule."